Spika mbili za desibeli 80 hazitoi 160

Ndugu, umeuliza kama spika mbili, kila moja ikisoma desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) pale ulipokaa, zikilia pamoja zitasoma 160. Hapana, ni kama 83. Desibeli hufuata logi (logarithm), yaani nguvu ikizidishwa, namba huongezeka kidogo tu, kwa hiyo kinachojumlishwa ni nguvu ya sauti, si namba zenyewe. Nguvu ikiwa maradufu unapanda desibeli 3 tu. Ikiwa mara kumi, unapanda 10. Yaani kufika 90 unahitaji spika 10! Ukiongeza ya 70 kwenye ya 80, unapata 80.4, na sikio halitagundua.

Ila hiyo ni kwa sauti zisizohusiana. Zikitoa wimbi lilelile na vilele vikakutana, hapo utapata 86. Kilele kikikutana na bonde, karibu kimya.