Kabla hujakariri makabila ya nyanda za juu

Wanafunzi ninaowasaidia jiografia huniomba orodha: nchi, mlima, kabila. Siwapi. Orodha hukaririwa jioni, asubuhi haipo. Nawaambia waulize kwanza: hawa watu walifuata nini huko juu?

Wapo waliofuata mvua na afya. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua kuliko mabonde makavu yanayozizunguka, na ukivuka mita 2,000 hivi malaria hupungua sana. Ndiyo maana wakulima wa tefu, ngano na shayiri wamejaa huko: Watigray na Waamhara kaskazini, Waoromo kuanzia katikati kwenda kusini na magharibi. Utawala nao ukakaa juu. Addis Ababa iko kwenye mita 2,400 hivi. Madagaska ni vivyo hivyo. Wamerina, wakulima wa mpunga wa kumwagilia, walitoka uwanda wa kati kuzunguka Antananarivo wakateka sehemu kubwa ya kisiwa karne ya 19.

Wengine walifuata usalama, na hawa ndio ninaowapenda zaidi kuwasimulia. Mwaka 1824, vita vikiwatawanya watu kusini mwa Afrika, chifu Moshoeshoe wa Kwanza alihamia Thaba Bosiu, mlima ulioko Lesotho ya leo. Si mlima mrefu, lakini kilele chake ni bapa, kina chemchemi na malisho, na kingo zake ni miamba mitupu. Waliokimbilia kwake kutoka koo mbalimbali ndio waliokuja kuwa taifa la Wasotho.

Vietnam nako, Wahmong wengi waliingia kutoka kusini mwa China karne ya 19, mabonde yakiwa yameshashikwa, wakalima miteremko. Wakinh, zaidi ya asilimia 80 ya wananchi, wako kwenye delta na pwani.

Sasa mtego: ukianza na Vietnam utadhani watu wa milimani daima ni wachache. Ethiopia inakataa. Wala kabila halifungwi na kimo kimoja: Waborana ni Waoromo, lakini wanachunga ng'ombe kwenye nyanda kame, hadi kaskazini mwa Kenya.

Na usiiamini ramani yenye nafasi tupu. Hadi miaka ya 1930 wageni wengi walidhani milima ya kati ya Papua New Guinea haina watu. Walipofika wakakuta mabonde yamejaa wakulima wa viazi vitamu. Kwa hiyo kwenye daftari lako, paka rangi za kimo na mvua kwanza, majina ya watu yafuate kwa penseli.