Plastiki ileile, mbona mwanga unabadilika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma chuo hapa Dar, projekti yangu ni mng'ao wa polistaireni, ile plastiki ya maboksi meupe ya chips. Nikiiyeyusha kwenye kiyeyusho kinaitwa tetrahaidrofurani alafu nikaipiga UV ya nanomita 260 napata vilele viwili kwenye grafu ya mwanga unaotoka, kadogo kwenye 285 na kikubwa kwenye 330 hivi. Kwenye sikloheksani ikaleta ukungu grafu ikavurugika, kwenye kloroformu ndo mwanga ukaanguka kabisa. Nimekosea wapi? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujaharibu kitu, ila umechukulia kiyeyusho ka glasi ya kuwekea juisi tu, kumbe nacho kimo kwenye mchezo.

We si unapanda daladala za Mbagala, unajua abiria wanavyobanana? Basi molekuli ya polistaireni ni mnyororo mrefu wa kaboni, una pete za benzini (duara la kaboni sita) zimening'inia kila baada ya kaboni moja. Pete ikiwaka peke yake inatoa ile 285, ikibanana na jirani wakalaliana uso kwa uso wanagawana nishati, hapo inaitwa eksaima, ndo 330 yako. Kiyeyusho kinachoipenda plastiki kinaunyoosha mnyororo, kisichoipenda unajikunja, na mbanano nao unabadilika, kwahiyo we linganisha uwiano wa vilele, sio urefu wa kimoja.

Ukungu sasa. Lab yenu ina AC eeh? Sikloheksani inaivumilia polistaireni kuanzia nyuzi 34 na nusu hivi, ukishuka sana chini ya hapo minyororo mirefu inajitenga na kinachofika kwenye mashine ni mwanga uliotawanywa. Pasha mpaka 40 upime tena.

Kloroformu ni kibaka bana, klorini zake zinakwapua nishati kabla haijatoka kama mwanga. Ukitaka kuona wizi wa aina hiyo, nenda dukani chukua maji ya toniki, yamulike na tochi ya kukagulia noti, yatawaka bluu sababu ya kwinini, ile dawa chungu iliyomo. Weka kijiko cha chumvi, koroga, uone bluu inavyofifia, na hapo ni kloridi tu ya chumvi ya kula.

Usije ukakimbilia toluini, yenyewe ina pete ya benzini, utapima mng'ao wa kiyeyusho ukidhani ni plastiki. Alafu kabla ya kupima pitisha gesi ya naitrojeni kwenye myeyusho dakika kumi hivi, oksijeni iliyoyeyuka nayo inazima mwanga na ndo wengi wanaisahau.