Kompyuta Inachelewa Kuwaka? Angalia Kinachoamka Nayo

Shikamoo fundi. Laptopu yangu ya Windows 10 nikishaiwasha nasubiri dakika kadhaa ndipo niweze kuandika. Kijana wa dukani anataka kuipiga Windows upya. Nikubali?

Marahaba. Usikubali kwanza. Kupiga Windows upya kunaondoa programu zako, na fundi asipokuwa makini anafuta hata kazi zako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Task Manager. Ikija ndogo, bofya "More details", kisha "Startup". Hapo utakuta programu zinazojiwasha zenyewe kila unapoingia. Spotify, Teams, Steam na wenzake mara nyingi hujiandikisha humo bila mwenye kompyuta kujua, na zote zinagombea diski na kumbukumbu wakati uleule.

Tazama safu ya "Startup impact". Iliyoandikwa "High" imetumia prosesa kwa zaidi ya sekunde 1, au imegusa zaidi ya MB 3 za diski wakati wa kuwaka. Usiyoihitaji asubuhi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Disable". Haifutiki, ukiitaka utaifungua mwenyewe. Zima mbili tatu, washa upya, uone tofauti.

Naogopa kuzima kitu cha maana. Nisiguse zipi?

Acha antivairasi na "Windows Security notification icon". Yenye jina la Realtek au Synaptics nayo iache, maana inahusika na sauti au padi ya kugusa. Jina usilolijua lisake mtandaoni kabla ya kuligusa.

OneDrive, programu ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, inataka uangalifu zaidi. Ukiizima, kompyuta itapumua, lakini mafaili yako hayatapanda mtandaoni mpaka uifungue. Mwanafunzi mwenye tasnifu humo asiizime kabisa. Sekunde chache za kusubiri ni nafuu kuliko kupoteza sura nzima.

Kuna programu nikiizima, baada ya siku chache inajirudisha.

Ingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe, uondoe tiki ya kujiwasha pamoja na kompyuta. Ikikaidi na huitumii, ifute.

Nimezima karibu zote, bado inajikokota.

Rudi Task Manager, fungua "Performance", bofya "Disk 0". Ukiona HDD, na kipimo kinagota asilimia 100 kila unapowasha, tatizo ni diski. HDD ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachohangaika kutafuta data huku na huko. SSD ni diski isiyo na kinachozunguka, ndiyo maana inasoma data haraka zaidi. Kama una pesa ya kutengenezea kompyuta hiyo, inunulie SSD. Fundi anaweza kuhamishia humo kila kitu kama kilivyo, lakini nakili kazi zako kwenye flashi kabla hujampa.

Nikiizima usiku na kuiwasha asubuhi, uzito uko palepale. Nikibofya "Restart" inakuwa nyepesi. Kwa nini?

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa "Fast startup". Ukibofya "Shut down", kiini cha Windows huhifadhiwa kwenye diski kama kilivyo, kesho yake kikapakiwa tena, pamoja na hitilafu iliyokuwamo. "Restart" huanza upya kabisa. Kwa hiyo kompyuta ikileta usumbufu, au ukishaweka programu mpya, tumia "Restart".