Retrieve na recover si pacha: ndoo ya kisimani ilinifundisha

Mdau ameuliza kama "retrieve" na "recover" ni kitu kilekile, maana kamusi yake imeyaandikia yote mawili "kupata tena". Hapana ndugu yangu, si kilekile, na hilo limewaponza wengi. Nachapa barua za watu kwenye steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mzee mmoja aliniletea barua ya kijana wake ya kuomba kurudi kazini, imeandikwa "I have retrieved from malaria". Nikamwambia, mzee wangu, hapa tubadilishe neno moja. Aliyeugua akapona ni recover. Retrieve haiponyi mtu.

Sasa retrieve yenyewe. Tukiwa wadogo kule Uyole, kamba ilikatika ndoo ikazama kisimani. Baba mdogo akafunga kulabu ya chuma kwenye kamba nyingine, akaishusha taratibu, akawa anaipitisha huku na huku hadi tukasikia chuma kikikwaruza chuma huko chini. Akatunyamazisha. Akaunasa mshikio, ndoo ikapanda inamwaga maji. Kwa Kiswahili tunasema aliiopoa. Hiyo ndiyo retrieve: kitu kiko mahali fulani, unakifuata hukohuko, unakitoa, unarudi nacho. Ndiyo maana mara nyingi utaikuta na "from" nyuma yake: He retrieved the bucket from the well.

Ila usiking'ang'anie "opoa" kila mahali. Mpira ukirukia kwa jirani, mtoto anaufuata, haopoi, na Mwingereza bado atasema retrieve. Angalia tendo, ndipo uchague neno la Kiswahili.

Asili yake inasaidia kukumbuka. Limetoka Kifaransa cha zamani: "re" ni tena, na "trouver" ni kupata kitu. Waingereza walilitumia kwa mbwa wa kuwinda wanaomtafuta tena mnyama aliyewapotea, na mbwa aina ya Golden Retriever jina lake limetoka hukohuko.

Kwenye kompyuta ndipo watu wanapochanganya zaidi. Faili limehifadhiwa vizuri, wewe unaliita lije kwenye skrini: retrieve. Faili limefutwa kwa bahati mbaya, fundi akahangaika mpaka likarudi: recover. Ukimwambia mteja "I retrieved your file" wakati ulilifufua kutoka kwenye flashi iliyoharibika, umeipunguza kazi yako mwenyewe. Mali iliyoibwa ikikamatwa na polisi, nayo ni recover, hata deni likilipwa.

Kutoka retrieve tunapata pia "irretrievable", yaani kisichorudishika tena. Sheria ya ndoa ya Uingereza ya 1973 iliitumia kwa ndoa iliyovunjika kiasi hicho: "broken down irretrievably".

Kuandika: ni "ie", retrieve. Receive ndiyo yenye "ei", kwa sababu inatanguliwa na c. Kutamka ni ri-triiv, mkazo uwe mwishoni.