Ukienda kumwona mzee wako kwenye nyumba ya matunzo, usiende Jumapili

Mama alipigwa na kiharusi mwaka 2021, upande wote wa kulia ukalala. Mi kazi zangu ziko Tunduma mpakani, kaka zangu wako Dar, kwa hiyo kule Tukuyu akabaki yeye na dada wa kazi, na ndani ya mwaka mmoja tulibadilisha madada watatu, wa mwisho aliaga anaenda msibani hadi leo msiba haujaisha. Ndo tukasikia kuna mama mmoja hapa Mbeya, nesi mstaafu, anatunza wazee nyumbani kwake. Nyumba ya kawaida tu ya vyumba vitano, wazee tisa. Tukampeleka.

Maneno niliyopata sijui nianzie wapi. Shangazi alikaa miezi sita hajapokea simu yangu, eti nimemtupa wifi yake. Kaka mkubwa akanitumia kipande cha Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, pale inaposema familia ndo msingi wa matunzo na makao yawe hatua ya mwisho. Sawa kaka, nimesoma, ila sera haiamki saa nane usiku kumgeuza mama.

Basi nikawa naenda kila Jumapili nikitoka kanisani. Marumaru zinang'aa, mama kavaa kitenge kisafi, nywele zimesukwa, uji wa ulezi mezani na ndizi za kupika. Kuna daftari kubwa la kumbukumbu, nani kala nini, nani kameza dawa saa ngapi, nani kageuzwa saa ngapi. Nikaona hawa watu wako makini kweli, hadi picha za daftari nikawa nawatumia kaka zangu kwenye grupu.

Sasa siku moja mwezi wa saba nilikuwa narudi na lori la jamaa, likatuharibikia pale Mbalizi, nikaingia mjini saa tatu usiku na sikuwa na pa kulala, nikasema ngoja nipite kwa mama. Mlinzi kanifungulia geti, mlango wa ndani ni wa nondo na una kufuli kubwa kwa nje, funguo anayo yeye mlinzi. Nikaingia. Koridoni kuna jiko la mkaa linawaka, madirisha yamefungwa na mapengo yamezibwa matambara, baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Dada mmoja tu, binti mdogo, amelala kwenye kiti. Kumbe ndo huyohuyo aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kupika, akafua mashuka ya watu tisa, na usiku nao ni wake peke yake.

Mama alikuwa amelowa. Nikamfunua miguu kumbadilisha, kisigino cha kulia kimeingia weusi, ukigusa kunabonyea. Jumapili zote zile alikuwa na soksi, na mi sikuwahi kumvua.

Nikachukua daftari. Saa mbili amegeuzwa, saa nne amegeuzwa, saa sita, saa nane, saa kumi alfajiri amegeuzwa, tiki zote zipo, na mi saa yangu inasoma saa tatu na dakika ishirini. Walikuwa wanajaza usiku mzima jioni kabla hata ya kulala.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huo, na mingine yote inatokea hapo: mchana haukwambii kitu. Mchana kila nyumba ni nzuri. Wewe uliza usiku anabaki nani, wako wangapi kwa wazee wangapi, na huyo anayebaki, mchana alikuwa anafanya nini. Halafu nenda mwenyewe siku ya katikati ya wiki, saa mbili au saa tatu usiku, piga hodi kwa adabu, sema nimepita tu kumsalimia mzee. Nyumba yenye watu waliochoka itakupokea kwa aibu, hiyo bado unaweza kuongea nayo. Ila ile inayokwambia wageni ni Jumapili saa nane hadi saa kumi tu na hakuna mjadala, mi mzazi wangu simwachi hapo.

Ukifika mvue mzee soksi. Angalia visigino, nyonga, na pale juu ya makalio, maana kidonda cha kulalia kinaanzia penye mfupa karibu na ngozi. Kinaanza kama wekundu tu ambao ukibonyeza haupotei, kwa mtu mweusi hauonekani vizuri, utausikia kwa mkono, ngozi ina joto au imekuwa ngumu. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila masaa mawili hivi, na mto unawekwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie kisiguse godoro. Mto tu, sio mashine. Cha mama kilichukua miezi minne kupona.

Angalia na mkojo. Kuna mtindo, na wengi hawafanyi kwa ubaya, jioni wazee wanapunguziwa maji ili wasilowanishe. Mzee kiu yenyewe haisikii sana, basi anakauka, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, anaanza kuongea vitu visivyoeleweka, mnasema ni uzee kumbe ni maji na maambukizi. Na ukikuta kila mtu amesinzia saa kumi jioni uliza wamepewa nini, maana vidonge vya mafua vinavyosinzisha ni bei rahisi kuliko kumlipa dada wa pili.

Jiko la mkaa sitaki hata kulijadili. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, unasinzia ndo basi. Blanketi la pili na maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri, imezungushiwa taulo isimguse ngozi, vinatosha. Na kufuli: zimamoto ni 114 lakini wazee sita kati ya tisa hawatembei, wakati gari linatafuta njia huku mitaani funguo iko mfukoni mwa mlinzi aliyeenda kununua sigara. Funguo ikae kwenye msumari ndani, pembeni ya mlango.

Mnataka kujua kama nilimhamisha. Sikumhamisha. Asubuhi nilikaa na yule mama mwenye nyumba, nilikuja na hasira zangu zote, akaniambia mwanangu, hiyo laki mbili na nusu mnayolipa kwa mwezi, toa chakula, toa pampasi, toa umeme, unaona inabaki ya dada wa usiku? Tukapiga hesabu kweli haikubaki. Hiyo haifuti ule uongo wa kwenye daftari na nilimwambia hivyo. Nikatafuta ndugu wa wale wazee wengine, tukaongeza elfu ishirini na tano kila familia, mbili zikakataa, saba zikatoa, ikapatikana 175,000 na dada wa usiku akaajiriwa, analala mchana na jikoni haingii. Pia nilienda kwa afisa ustawi wa jamii pale halmashauri kuuliza kama nyumba hiyo anaifahamu, fanyeni hivyo kabla ya kulipa mwezi wa kwanza, mi nilifanya mwishoni.

Juzi nimepita tena, saa nne kasoro usiku. Daftari limeishia saa mbili. Dada wa usiku kanisalimia ugonile, salamu ya Kinyakyusa, japo yeye ni Mhehe wa Iringa, mama ndo kamfundisha.