Dawa ya kifafa usiikatishe kwa kuona mgonjwa ametulia

Mdogo wangu alikaa miezi 8 bila kuanguka, nikaona yatosha. Vidonge vilipokwisha sikurudi kliniki. Siku ya 9 alianguka jikoni kwetu Ngamiani, Tanga, mkono ukaingia kwenye jiko la mkaa. Kovu lile, toka kiwiko hadi kidole gumba, ndilo lililonikalisha chini niuelewe ugonjwa wenyewe.

Seli za ubongo huongea kwa umeme. Ukuta wa kila seli una vijilango vya protini: vingine huingiza sodiamu, seli ikachemka, vingine hutoa potasiamu, ikatulia. Waliolifumbua jambo hili mwaka 1952 ni Hodgkin na Huxley wa Uingereza, na walilifumbua kwa ngisi! Ngisi ana uzi wa neva mnene, hufika hata milimita 1, unaoamrisha misuli irushe maji anapochomoka kukimbia. Tangu nijue hivyo, nikinunua ngisi soko la samaki la Deep Sea asubuhi namkumbuka mdogo wangu.

Kwenye kifafa, seli nyingi huchemka kwa mkupuo mmoja. Wengine huzaliwa na milango yenye hitilafu; wengine waliumia kichwa au waliugua malaria ya ubongo. Kabamazepini anayotumia mdogo wangu huizuia milango ya sodiamu isifunguke mfululizo. Huizuia tu, haiitengenezi. Dawa ikiisha mwilini, milango inarudia yale yale, na ukiikata ghafla degedege linaweza kuja lisikatike. Hilo sikulijua, na yeye ndiye aliyeungua.

Daktari huanza kufikiria kuiacha baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka, tena kwa kuipunguza kidogo kidogo.

Wala usiazime vidonge vya jirani. Wapo watoto ambao mlango wao mbovu wa sodiamu uko kwenye seli zinazotuliza ubongo. Hao kabamazepini huwazidishia.

Siku ile majirani walisimama mlangoni, wakiogopa povu. Jamani, povu haliambukizi. Msogezeni mgonjwa mbali na moto, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mtazame saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, iteni bajaji mumkimbize hospitali.