Antena ya mashindano ukiwa ufukweni Dar: usikimbilie mnara

Mkuu, umeuliza kama uuze pikipiki ununue Yagi ya elementi tatu (antena ya fito inayoelekezwa upande mmoja) na mnara kwa ajili ya CQ WW ya Oktoba, yale mashindano ya dunia ya redio ya ridhaa ya kuwasiliana na vituo vingi, na umesema nyumba yenu ya Kunduchi inatazamana na bahari. Pikipiki usiiuze.

Shika ramani kwanza. Kutoka Dar, Ulaya iko nyuzi 335 hadi 345 hivi za dira. Ukiwa Kunduchi mstari huo hauendi Kibaha, unatokea juu ya maji ya mkondo wa Zanzibar. Na Ulaya ndiko kwenye watu: kila unayempata bara jingine ni pointi 3, Mkenya pointi 1, Mbongo mwenzako sifuri, anakufaa kwa kizidishio tu, yaani hesabu ya nchi na kanda inayozidishwa na pointi zako.

Mwaka wangu wa kwanza nilifunga dipo (waya wa kulala unaolishwa katikati) ya bendi ya mita 20, yaani urefu wa wimbi, juu ya paa, kimo kama mita 6. Waitaliano nawasikia vizuri, wao hawanisikii. Antena ya kulala inataka kimo, walau mita 10 kwa bendi hiyo, na bahari haiisaidii kitu. Ya kusimama ni kinyume chake: maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, kwa hiyo mawimbi yake yanaondoka chini chini kabisa, na ndiyo yanayofika mbali. Mwaka uliofuata nikasimamisha mwanzi karibu na maji, waya wa mita 5 juu yake, na waya mbili za urefu huohuo zimeinuliwa pembeni. Basi. Foleni ya watu wanaotafuta 5H, herufi za kuitia vituo vya Tanzania, ikanifanya nisahau kula.

Bendi ya mita 40 ni hivyohivyo, waya mita 10. Usiufunge kwenye mnazi, nazi hazina adabu. Bendi ya 10 weka dipo ya kulala, kwa kuwa mita 5 juu zinaitosha. Bendi ya 80 achana nayo. Oktoba vuli inaanza, na radi za mbali zinakujazia mikwaruzo usiku kucha.

Pesa ya mnara ipeleke kwenye kupambana na chumvi. Mimi konekta yangu ya kebo ilikaa kaskazi moja tu, nikaifungua ikiwa ya kijani kama kisamvu. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, kila kiungio kizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na baada ya mashindano mwagia kila kitu maji baridi ya bomba. Kunguru nao wakague kila asubuhi, waya laini wanaujengea viota.

Halafu tazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujachimba shimo la mwanzi. Mimi sikutazama. Ilikuwa bamvua, saa kumi alfajiri, dakika chache baada ya kumpata Mfini, nikasikia kimya. Nilipotoka na tochi, kisanduku cha kulishia antena, pale kebo inapoungwa na waya, kilikuwa kinaelea.